Usitafute Samaki, Tafuta Macho

Nimemwona! Saa tatu zilizopita nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwa mtu, hapa Berlin, pua ikikaribia kugusa kioo cha tangi, na mbele yangu alikuwa anaelea kiumbe mwenye uti wa mgongo ambaye ubongo wake unautazama hivihivi, akiwa hai, akiwinda, akizunguka na wenzake, bila kupasuliwa wala kuguswa. Mikono bado inatetemeka. Anaitwa Danionella cerebrum. Ni samaki wa maji baridi kutoka Myanmar, sayansi ilimtambua kwa jina lake mwenyewe mwaka 2021 tu, na tangu mwaka huo sijaacha kumwota.

Niseme kwanza natokea wapi, ili mjue nampima kwa kipimo gani. Nimezaliwa Mwanza. Mama yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na utoto wangu umepita kwenye kuwaanika, kuwageuza na kuwaokota kabla mvua haijawafikia. Najua msimu wa giza, pale mwezi unapopotea na wavuvi wakatoka na taa, ziwa likageuka mji wa nuru usiku kucha. Samaki mdogo si mgeni kwangu. Nimeshika mamilioni. Nilidhani nimeshaona udogo wote ambao samaki anaweza kuwa nao.

Nilikuwa sijaona kitu.

TANGI TUPU

Mwenyeji wangu ni mzee Mjerumani aliyestaafu, mfugaji wa samaki tangu akiwa mtoto. Alinikaribisha kahawa, nikamwomba tuanze na samaki. Akanipeleka kwenye tangi dogo lililokuwa pembeni mwa kabati. Maji yalikuwa yametulia, chini kuna majani makavu yaliyolowa hadi kuwa rangi ya chai, katikati mimea laini iliyojikunja kama pamba. Nikatazama. Hakuna kitu. Nikasogea. Hakuna kitu.

"Usitafute samaki," akaniambia. "Tafuta macho."

Nikatafuta macho. Na ghafla, jamani, tangi likajaa! Vinukta viwiliviwili vyeusi vinavyong'aa, vinakwenda pamoja, vinasimama, vinageuka. Ukishashika jozi moja ya macho, mwili unaanza kujichora wenyewe nyuma yake: mstari mwembamba wa uti wa mgongo, kibofu cha hewa kinachometa kama tone la zebaki, utumbo wenye rangi ya alichokula asubuhi. Mengine yote ni maji juu ya maji. Ninaona jani lililo nyuma yake kupitia tumbo lake!

Urefu wake ni kama milimita 12. Mkubwa kabisa aliyepimwa wakati wa kumwandika kisayansi hakuzidi 13.5. Mweke juu ya ukucha wa kidole gumba na nafasi itabaki. Dagaa wa Mwanza wa kawaida, yule wa sentimita tano, ni mara nne yake. Na huyu si kifaranga. Huyu ni mtu mzima, mwenye kutongoza, mwenye kutaga, mwenye ugomvi wake na majirani.

Mzee akanipa kioo cha kukuzia. Jike mmoja alikuwa amejitenga karibu na kona, na ndani ya tumbo lake nikayaona mayai, moja baada ya jingine, yamejipanga kama shanga kwenye kikombe cha kioo. Nyuma ya kichwa, chini kidogo, kuna kitu kilichokuwa kinadunda. Moyo. Nilikuwa nautazama moyo wa samaki ukipiga kazi yake, na yeye hana habari.

Kisha nikapandisha kioo taratibu mpaka katikati ya yale macho mawili, na hapo nikaacha kupumua.

UTOSI USIOZIBA

Kila mtu aliyepakata kichanga anaujua utosi. Ile sehemu laini juu ya kichwa, inayopanda na kushuka, ambayo bibi zetu huipaka mafuta na kutukataza tusiiguse. Mtoto anakua, mifupa inakutana, utosi unaziba, na ubongo unafungiwa ndani kwa maisha yote.

Kwa Danionella cerebrum utosi hauzibi kamwe. Anakomaa mwili ukiwa umebaki katika hatua nyingi za uchanga, na mojawapo ni hii: fuvu lake halina paa la mfupa juu ya ubongo. Hakuna magamba yanayoficha, hakuna rangi nzito, ni ngozi inayopitisha mwanga tu. Chini yake, pale kwenye kioo changu cha kukuzia, palikuwa na uvimbe mdogo mweupe uliogawanyika kama maharage yaliyobebana. Ubongo wa kiumbe hai! Kwenye sebule! Saa tano asubuhi!

Sasa sikilizeni hesabu zake. Ubongo huo una ujazo wa takriban milimita za ujazo 0.6. Punje moja ya mchele ingemeza bongo kama hizo zaidi ya ishirini. Miongoni mwa wanyama wote wenye uti wa mgongo waliokwisha kupimwa wakiwa wazima, hakuna mwenye ubongo mdogo kuliko huu. Yupo samaki anayemshinda kwa udogo wa mwili, Paedocypris progenetica wa mabwawa ya Sumatra, aliyetambulishwa mwaka 2006, ambaye jike lake hukomaa likiwa na milimita 7.9. Lakini kwa udogo wa ubongo, taji ni la huyu wetu.

Ndani ya ubongo huo kuna seli za neva zinazokadiriwa kufika 650,000. Binadamu tuna kama bilioni 86. Na kwa mtaji huo mdogo samaki huyu anaogelea kwa kundi, anachagua mwenza, anawinda, anakumbuka, anawasiliana kwa sauti. Nilimfuata dume mmoja kwa dakika kumi. Alisimama mbele ya mdudu ambaye mimi sikumwona mpaka alipotoweka mdomoni mwake. Alipima, akajikunja, akaruka mbele. Uamuzi wote ule ulipita mbele ya macho yangu, ndani ya ule uvimbe mweupe, na wenye hadubini ya leza maabarani huweza hata kuona ni seli zipi zinazowaka.

Hiyo ndiyo sababu maabara zilimkimbilia. Kwa miongo mingi watafiti wa ubongo walimtegemea samaki mwingine mdogo, Danio rerio, yule wa milia anayeuzwa kila duka la samaki wa mapambo. Kifaranga chake kinapitisha mwanga, unaweza kuchungulia ubongo unavyofanya kazi. Tatizo ni kwamba kinakua. Fuvu linaziba, rangi inaingia, na dirisha linafungwa kabla mnyama hajaanza mambo ya kiutu uzima. Danionella hafungi dirisha lake. Unamwona akiwa yai, kifaranga, kijana, mzazi, na wakati wote huo dirisha liko wazi.

ANAPIGA NGOMA

Nilidhani nimeshapata yote niliyoyafuata. Mzee akatabasamu, akatumbukiza majini kipaza sauti kidogo kilichofunikwa kwa plastiki, akawasha spika.

Tik. Tik-tik-tik-tik. Trrrrrr.

Nikarudi nyuma! Ilikuwa kama mtu anagonga meza kwa kalamu, haraka, kwa hasira, na nyuma yake mwingine anamjibu. "Madume," mzee akasema. Akazima spika, akaniambia nitulie nisikilize kwa sikio tupu. Nikatulia. Na kweli, kutoka kwenye maji, kupitia kioo, nikasikia mgongano mdogo, mkavu, ulio wazi kabisa. Samaki wa milimita 12 alikuwa ananisemesha nikiwa nimekaa nje ya tangi.

Mwaka 2024 kundi la watafiti wa hospitali ya Charité, hapahapa Berlin, wakiwamo Verity Cook na Benjamin Judkewitz, walichapisha maelezo ya jinsi anavyofanya. Walikuwa wakipita kando ya matangi yao na kusikia milio hiyo, wakaamua kuifuatilia kwa kamera za kasi kubwa. Walichokuta ni ngoma kamili. Dume ana gegedu maalumu la kupigia, ana ubavu mmoja uliokomaa kuwa mgumu kuliko mbavu nyingine, na ana msuli usiochoka upesi. Msuli unavuta ubavu, ubavu unalibana gegedu, kisha linaachiliwa kwa kishindo na kugonga kibofu cha hewa. Kibofu ndiyo ngozi ya ngoma. Gegedu hilo linaruka kwa mchapuko unaozidi mara 2,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia.

Kipimo cha sauti yake, ukikaa majini mbali naye kwa urefu wa mwili wake tu, kinazidi desibeli 140. Watafiti waliifananisha na ndege inayoruka ukiwa umbali wa mita mia moja. Sehemu kubwa ya sauti hiyo hurudishwa ndani na uso wa maji, ndiyo maana anayekaa nje husikia kidogo tu. Lakini kaa nayo kidogo: mnyama mfupi kuliko ukucha, mwenye ubongo usiojaza punje ya mchele, ana ngoma ya kumtikisa jirani. Na anaipiga kwa namna ya pekee, kwani anaweza kurudia upande mmoja tu wa mwili mfululizo, au akabadilisha kushoto na kulia, kushoto na kulia. Majike hawana ngoma hiyo.

Vijito anakotoka, kwenye miteremko ya milima ya Bago Yoma, vina maji yenye tope. Ikiwa mwili wako hauonekani na maji yenyewe hayaonekani ndani, watafiti wanadhani, sauti inakuwa ndiyo sura yako. Nilikaa nikilitafakari hilo. Samaki anayeonekana mpaka ubongo, kwao hajulikani ila kwa mlio.

ALIJULIKANAJE KWAMBA NI MWINGINE

Nilipotoka pale nilipiga simu nyumbani kabla hata sijafika kituo cha treni.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo limenifanya niandike makala hii leo badala ya kesho: "Na huyo aliyempa jina, alijuaje kwamba ni mwingine? Si samaki tu, wadogo, wamefanana?"

Hapo ndipo kuna utamu wa habari hii kuliko hata ule ubongo.

Samaki huyu hakupatikana na mpelelezi aliyezama kwenye kijito kisichokanyagwa. Alikuwa kwenye matangi ya maabara, maarufu tayari! Mwaka 2018 watafiti walikuwa wameshatangaza kwamba wamepata mnyama mpya wa kuchunguza ubongo, wakamwita Danionella translucida. Jina hilo halikuwa la kubuni. Lilitolewa mwaka 1986 na Tyson Roberts kwa samaki mdogo wa kioo kutoka Myanmar. Samaki wa maabara alikuwa mdogo, wa kioo, wa Myanmar. Nani angeshuku?

Walioshuku ni Ralf Britz wa makumbusho ya Senckenberg mjini Dresden, Kevin Conway wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, na Lukas Rüber wa makumbusho ya historia ya asili ya Bern. Hawa ni watu waliotumia miaka na viumbe vya jenasi hii. Waliwachukua samaki wa maabara na kuwalinganisha na wale wa jina la zamani, mfupa kwa mfupa. Kuna ufundi wa kufanya hivyo unaonisisimua kila ninapousoma: nyama inafanywa ipitishe mwanga kwa dawa, kisha mifupa inatiwa rangi nyekundu na gegedu rangi ya bluu, na chini ya hadubini samaki mzima anasimama mbele yako kama ramani ya barabara. Wakasoma pia DNA. Jibu likaja bila kuyumba. Kwa nje walikuwa mapacha, kwa ndani walikuwa koo mbili zilizoachana zamani. Maabara za dunia zilikuwa zinafanya kazi kubwa kwa mnyama ambaye hakuwa na jina.

Basi wakampa. Cerebrum, Kilatini cha ubongo. Maandishi yakatoka Septemba 2021 katika jarida la Scientific Reports, na huko ndiko spishi inakozaliwa rasmi. Sheria za kuwapa wanyama majina zinaanzia kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758, na hazijali umemwona samaki mara ngapi. Zinataka umwandike na kueleza kinachomtofautisha na ndugu zake, na wataalamu huongeza hesabu ya mapezi na mifupa na mahali alikotoka. Na zinataka samaki mmoja halisi awekwe makumbusho, awe shahidi wa jina hilo milele, ili miaka mia ijayo mtu mwenye shaka afungue chupa na kutazama mwenyewe.

Hayo yote nilimweleza Mama kwa njia fupi zaidi. "Mama, wewe unajuaje dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza?"

"Aa! Hilo hata gizani najua. Kwa kidole tu."

Na yuko sahihi kuliko anavyodhani! Kwa mtu wa mbali wote ni dagaa, vijisamaki vyeupe vya fungu. Kwa mama yangu, na kwa kila mpishi wa Tanzania anayejiheshimu, ni vitu viwili, bei mbili, ladha mbili, maandalizi mawili. Sayansi inakubaliana naye kabisa. Dagaa wa Kigoma ni wa kundi la sadini, wenye asili ya baharini, walioingia Tanganyika na kulifanya ziwa nyumba yao. Dagaa wa Mwanza, Rastrineobola argentea, ni wa kundi jingine tofauti, lile la samaki kama Danio rerio wa maabara. Oda mbili mbalimbali chini ya jina moja la sokoni. Kidole cha Mama kilikuwa kinasoma alichokisoma Britz chini ya hadubini.

NDUGU ZAKE, MMOJAWAPO KIRUMBA

Na hapa naomba mkae chini, kwani hili nililijua mapema na bado linanitoa machozi. Dagaa wa Mwanza na Danionella cerebrum, kwa mpangilio wa sasa, wamo katika familia moja, Danionidae. Ni binamu! Yule ninayemwona leo kwa mshangao Berlin ni ukoo wa wale niliowaanika mchangani nikiwa na miaka saba. Nilisafiri maelfu ya maili kuja kumshangaa ndugu wa kitoweo cha nyumbani.

Ndani ya jenasi yenyewe, cerebrum ni wa tano. Wanne waliomtangulia kila mmoja ana kisa, lakini wa kisa kitamu ni Danionella dracula, aliyetambulishwa mwaka 2009. Huyo alikuja kwa biashara ya samaki wa mapambo na kuishi kwenye matangi ya makumbusho ya historia ya asili ya London kwa takriban mwaka mzima, akidhaniwa ni mtu mwingine. Walipoanza kufa na kutiwa rangi mifupa, ndipo Britz alipoona taya zao: madume yana vichonge! Si meno ya kweli, kwani koo hizo zilipoteza meno ya tayani mamilioni ya miaka iliyopita. Ni mfupa wa taya wenyewe uliochomoza na kuchongoka. Mwaka mzima mbele ya macho ya wataalamu, na vichonge vilikuwepo wakati wote.

Mara mbili, basi, katika jenasi moja ndogo, samaki mpya alipatikana ndani ya tangi ambalo lilikuwa limeshatazamwa.

KWA ANAYETAKA KUMFUGA

Wapenzi wa matangi mtaniuliza, nami nawajibu kwa moyo wote: ndiyo, lakini kwa heshima. Huyu si wa kuchanganya na samaki wengine. Karibu kila samaki mwingine wa dukani atamfanya mlo. Mpe tangi lake peke yake, na awe na kundi, kwani mmoja peke yake anajificha tu. Mkondo wa maji uwe mpole, na mdomo wa pampu ufunikwe kwa sifongo laini sana la sivyo atavutwa. Chakula ndicho mtihani wenyewe. Mdomo wake ni mdogo mno, hivyo kinatakiwa chakula hai cha kiwango cha vumbi: vidudu vya majini vya hadubini na vifaranga vya artemia vilivyoanguliwa siku hiyohiyo. Asiyekuwa tayari kuotesha chakula kila siku amwache.

Anayevumilia atalipwa. Wanataga kwenye nyufa na mianya, na maabara huwawekea vipande vya mpira wenye tundu, nao huingia humo na kuacha vishada vidogo vya mayai. Mzee alinionyesha kishada kimoja. Ndani ya kila yai kulikuwa na macho mawili.

Kasoro yake ni moja tu na ndiyo hiyohiyo sifa yake: haonekani. Mgeni ataingia sebuleni, atapita, hatajua. Tangi la Danionella halimpambii mtu nyumba. Linamtaka apige magoti.

WALE AMBAO HAWAKUSUBIRI

Nilipopanda treni furaha ilikuwa ingali juu, lakini ilikuwa imebeba kitu kizito, na nitakisema kwa sababu ni sehemu ya niliyoyaona.

Ziwa letu lilikuwa na furu. Kila mtu wa Mwanza anawajua kwa jina hilo moja, furu. Wanasayansi wanakadiria kwamba chini ya jina hilo kulikuwa na spishi zaidi ya 500: walao konokono, walao vifaranga vya wenzao, walao mwani, wakwangua miamba. Miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walifika Mwanza kuwachambua, na kila wavu ulipopandishwa kulikuwa na wapya. Waliwapa majina ya muda ya utani huku wakisubiri nafasi ya kuwaandika kikamilifu.

Nafasi haikufika kwa wote. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka kwa kishindo miaka ya 1980. Takriban spishi 200 za furu zilitoweka, na nyingi kati yao hazikuwa zimepata hata jina rasmi. Maji nayo yalizidi kuwa na tope, na mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha jambo la kuumiza: furu jike humchagua dume kwa rangi, na penye tope rangi haionekani. Koo zilizokuwa mbalimbali zikaanza kuchanganyika. Hata samaki wenyewe walishindwa kujua nani ni mwingine. Hawakuwa na ngoma ya Danionella.

Ndiyo maana nalisherehekea jina hili jipya kama wengine wanavyosherehekea mtoto. Asiye na jina hahesabiwi, na asiyehesabiwa akiondoka hakuna anayegundua kiti kitupu. Na kazi haijaisha, wala haiko mbali. Mwaka 2025 tu pwani ya Kenya ilitambulishiwa Nothobranchius sylvaticus, samaki wa vidimbwi vya msimu ndani ya msitu wa Gongoni, Kwale. Ni vidimbwi ambavyo hukauka mvua zikiisha, huku mayai yakisubiri kwenye matope. Jenasi yake ina spishi karibu mia, na karibu zote ni za nyika na mbuga. Huyu ni wa msituni. Alikuwa pale, chini ya miti ile, watu wakipita.

HUKUMU YANGU

Danionella cerebrum ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona ndani ya maji. Ninamaanisha. Kama uko Ulaya na unafahamiana na mfugaji anayemtunza, omba ruhusa, nenda, chukua kioo cha kukuzia, zima simu, kaa angalau saa moja. Dakika tano za kwanza hutaona chochote. Zivumilie. Kuna kipindi jicho linajifunza, na likishajifunza halisahau: nilipotoka nje ya nyumba ya mzee nilijikuta natazama dimbwi la mvua kando ya njia kama mtu anayesubiri litamke kitu.

Nilikuwa nimekaribia kumaliza kuandika simu ilipolia. Ni Mama. Alikuwa amesharudi kutoka Mwaloni, na swali langu la dagaa lilikuwa halijamtoka kichwani. Amenitumia picha. Katikati ya kiganja chake kuna kijisamaki kimoja, si dagaa, kina kidoa cheusi shavuni na ukingo wa njano kwenye pezi la mgongo. Chini ameandika kwamba hawa huja na dagaa mara mojamoja, wanaitwa furu kama wengine wote, na yeye siku zote huwatoa kwenye fungu na kuwatupa kwa sababu wanaharibu sura ya bidhaa.

Nimeikuza picha hadi ikavunjika. Kisha nikamjibu kwa maneno mawili: "Mama, usimtupe."